Kilebu kwenye sakafu ya mbao: kipi cha kutandika, kuanzia kinachofaa zaidi

Karibu kila mtu anayeleta kilebu (mtoto wa mbwa) kwenye nyumba ya sakafu ya mbao huogopa kucha. Kucha huacha mikwaruzo, ni kweli, lakini mikwaruzo mingi hukaa kwenye vanishi na fundi huiondoa kwa msasa. Kinachoua mbao ni mkojo uliolala chini ya kitu ulichonunua kwa nia ya kuilinda.

Nyumba ninayokaa ni ya zamani, Kileleshwa, Nairobi, ghorofa ya pili. Sakafu ni parketi, vile vipande vidogo vya mbao ngumu vilivyopangwa kama msuko wa mkeka na kugundishwa juu ya saruji. Simba, kilebu wangu, alipofika akiwa na wiki nane, sebule yote nilikuwa nimeitandika mkeka wa mbao, ule wa plastiki unaouzwa kwa mita, ukuta hadi ukuta. Kila siku niliupangusa ukang'aa. Wiki ya tano nikaanza kusikia harufu kali kwenye kona ya kochi. Nilipoufunua nilikuta vipande kama ishirini vimegeuka vyeusi, na vingine vimevimba na kuinuka. Mkojo ulikuwa ukipenya kwenye maungio ya mkeka, ukifika chini haupati pa kukaukia.

Fundi alijaribu msasa, weusi haukutoka. Mkojo ukikaa, bakteria huvunja urea iliyomo na kutoa amonia, na amonia ikikutana na tanini iliyo ndani ya mbao hubadilisha rangi kwa kina, si juu tu. Ilibidi vipande ving'olewe na kuwekwa vingine, kabla mwenye nyumba hajaja kukagua. Ukiwa mpangaji, hapo ndipo dipoziti yako inapokwendea.

Kwa hiyo ninapopanga bidhaa hizi sitazami uzuri. Natazama mambo matatu: je, kinainuka kirahisi uone sakafu? Kinafulika? Kinazuia miguu isiteleze? Hili la mwisho si dogo. Kilebu anayekimbia juu ya vanishi miguu humtawanyika, na kwa mbwa wakubwa kama German Shepherd, ambao wengi hurithi udhaifu wa nyonga, hilo ni hatari zaidi mifupa ingali laini. Utafiti wa Norway uliochapishwa 2012, uliofuatilia aina nne za mbwa wakubwa, Labrador wakiwemo, uliona kwamba vilebu waliotumia ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa nyonga. Kama nyumba yako ina ngazi za mbao, mbebe.

1. Mazulia membamba ya pamba, yanayofuliwa

Haya ndiyo ninayoyaweka juu ya yote, wala si ghali. Chagua yaliyofumwa bapa, yasiyo na vitanzi juu, kwa sababu ukucha wa kilebu hunasa kwenye kitanzi na anapouvuta huumia. Chagua ukubwa unaoingia kwenye beseni lako la kufulia. Zulia zuri lisiloweza kufuliwa nyumbani utalivumilia likinuka, na likishanuka kilebu atalirudia palepale, maana pua yake humwambia hapo ndipo chooni.

Nunua manne angalau: mawili sakafuni, moja kwenye kamba, moja la akiba. Msimu wa mvua, Julai yenye baridi ya Nairobi vilevile, pamba huchukua siku mbili kukauka, na hapo utaona faida ya hilo la akiba. Soko la Gikomba, upande wa mashuka na mablanketi ya mitumba, utapata ya pamba nzito yaliyofuliwa mara nyingi hata yakalainika. Hayo ni bora kuliko mapya, kwa sababu hayatoi rangi juu ya vanishi yakilowa.

Kabla ya kulipa, lipindue uangalie mgongo. Mgongo wa raba au mpira huacha doa la manjano kwenye vanishi ukikaa muda mrefu, na doa hilo halitoki kwa kupangusa. Wauzaji wengi watakusifia mgongo wa raba kwamba hautelezi. Hautelezi kweli, lakini kwa vigae, si kwa mbao. Zulia lisilo na raba lishikize kwa kuingiza ncha zake chini ya miguu ya kochi au kabati, mbwa atakimbia juu yake bila kulikunja.

2. Mkeka wa yoga

Kwa korido na mbele ya mlango, mahali ambapo kilebu hupiga kona akikimbia. Hushika miguu kuliko kitu chochote kingine katika orodha hii, unakatwa kwa mkasi, na unapanguswa kwa dakika moja. Tatizo ni lile lile la raba na plastiki, kwa hiyo usiulaze hapo mwezi mzima: jioni ukunje, asubuhi utandike. Ukiona hutaweza kufanya hivyo kila siku, ongeza zulia la pamba badala yake. Ule mzito wa milimita nane au kumi huchanwa kwa meno haraka, mwembamba hudumu zaidi.

3. Mkeka wa mbao

Baada ya yaliyonikuta ningeweza kuuweka mwisho, lakini si haki. Ukitumiwa kama kipande kimoja kisicho na maungio, chini ya uzio wa kuchezea, unafanya kazi yake vizuri. Kata kipande kikubwa kuliko uzio kwa shubiri moja kila upande, tandika shuka kuukuu la pamba chini yake, na kila siku inua mkeka ulishike shuka kwa mkono. Likiwa na unyevu, umejua mapema. Usiugundishe, usiufikishe ukutani. Unateleza ukilowa, kwa hiyo ndani ya uzio weka zulia dogo juu.

4. Vipande vya povu vya kuunganisha kama fumbo

Wazazi wa watoto wadogo huvipenda, na kwa kilebu vinaonekana kufaa: ni laini, majirani wa chini hawasikii kucha. Lakini kila kipande kina maungio pande nne, na kila maungio ni mfereji wa mkojo. Kisha kilebu anayeota meno atang'ata zile pembe. Povu likimezwa linaweza kuziba utumbo, na hapo gharama si ya sakafu tena, ni ya upasuaji.

5. Zulia la manyoya

Usinunue. Ukinalo tayari, likunje ulihifadhi hadi mbwa afikishe mwaka. Mikeka ya ukindu na ya mkonge nayo iache, italiwa.

Kuna kitu kimoja cha kununua pamoja na zulia namba moja, nacho ni pedi za mkojo. Wakaao kwenye ghorofa huambiwa wamtoe kilebu nje kila saa mbili, ushauri mzuri ila una hatari. Chanjo huanza akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne hadi wiki kumi na sita. Kabla ya hapo, uwanja wa pamoja ambao mbwa wengine hupita unaweza kumpa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua vilebu, na virusi hivyo hukaa kwenye udongo kwa miezi. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa choo chake kitakuwa ndani, utake usitake. Pedi za maduka ya wanyama ni ghali. Uliza duka la dawa zile za kulazia wagonjwa kitandani, ni kitu kilekile. Iweke ndani ya trei pana ya plastiki yenye ukingo, si juu ya mbao moja kwa moja, maana kilebu hukanyaga pembeni na pedi huvuja ikijaa. Kilebu wa miezi miwili hawezi kuzuia mkojo kwa zaidi ya saa mbili hivi. Usimgombeze, umempa trei ndogo au iko mbali.

Akikojoa sakafuni, kandamiza kwa kitambaa kikavu hadi kisilowe tena. Usisugue, unausukuma kwenye maungio. Kisha tumia sabuni yenye vimeng'enya (enzyme), hiyo ndiyo inayomaliza harufu kwa pua ya mbwa. Usipoipata, siki kidogo ndani ya maji mengi itasaidia, ila si kila siku, hufifisha vanishi. Jiki usiiguse: klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi yenye sumu, na kilebu anapumua karibu na sakafu kuliko wewe. Wala usipige deki kwa maji mengi au ya moto.

Soksi za mbwa zina mpira chini, lakini kilebu huzivua na kuzitafuna, kwa hiyo pesa hiyo nunulia kikata kucha. Vanishi mpya nayo isubiri hadi azoee choo. Kama leo una pesa ya kitu kimoja tu, nunua mazulia mawili ya Gikomba, uyafue kabla ya kuyatandika, na pasipo na zulia paache wazi ili upaone.