Honda CG125 ya zamani kama pikipiki ya kwanza: injini haina neno, kagua vilivyobaki

Honda CG125 haina sura ya kuwafanya watu wasimame kuitazama. Taa ya duara, siti ndefu ya watu wawili, breki za dramu, tangi lisilo na mbwembwe. Ukiipita haraka utadhani ni bodaboda iliyochoka. Hata hivyo, kwa mtu anayetaka pikipiki ya kizamani iwe ndiyo ya kwanza, aiendeshe na aifungue mwenyewe, tunaiweka juu ya nyingine zote. Injini yake ndiyo iliyonakiliwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani kwetu. Pistoni, ringi, klachi, kabureta, cheni na tairi unazipata Gerezani, Kariakoo, au Kirinyaga Road, Nairobi, na mara nyingi hata kwenye duka la spea la mji mdogo.

Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako pikipiki hubebeshwa kupita uwezo na oili hubadilishwa siku ikikumbukwa. Hawakuweka cheni ya taimingi, ile inayozungusha kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kwenye injini nyingine. Kemshafti imekaa chini, inazungushwa na gia, na nundu yake moja ndiyo inayosukuma pushrodi zote mbili, yaani vijiti vinavyopeleka msukumo juu kwenye valvu. Cheni ambayo haipo hailegei wala haikatiki. Silinda ina kipenyo cha milimita 56.5, pistoni inasafiri milimita 49.5, jumla sentimita za ujazo 124. Nguvu ni kama farasi 11, uzito uko karibu na kilo 100, na ikitunzwa inakwenda zaidi ya kilomita 40 kwa lita. Kwa anayejifunza, uzito huo ni neema: ikiangushwa kwenye mchanga mtu mmoja anaiinua.

Washindani wake wa umri huo, Yamaha AG100 na DT175, ni tamu kwenye njia mbovu. Lakini ni za tu-stroku, zinazochoma oili pamoja na petroli, na spea zake halisi ni za kuagiza na kusubiri. Si mahali pa kuanzia.

Karatasi kabla ya plagi

Usiangalie injini kabla hujaona kadi, au logbook kwa walio Kenya. Namba ya chasisi imegongwa shingoni mwa fremu, ya injini iko ubavuni mwa injini. Futa grisi, piga msasa laini kama kuna rangi, usome herufi moja moja huku umeshika kadi. Namba ya injini isipolingana, mara nyingi injini ilibadilishwa kwa nia njema na hakuna aliyejisumbua kuiandikisha. Hilo linarekebishika, ila muuzaji alimalize kabla hujatoa hela. Namba ya chasisi iliyosagwa au kugongwa upya, ondoka. Bei yoyote hapo ni ghali.

Tena, sura ya kizamani si ushahidi wa umri. Pakistan wameendelea kuunda CG125 kwa umbo lile lile miaka mingi baada ya wengine kuacha. Si pikipiki mbaya, ila usiuziwe kwa bei ya iliyoundwa mwaka 1978.

Ubavuni mwa injini nyingi za Kichina utaona 156FMI kwa 125 na 162FMJ kwa 150. Wauza spea huzitegemea sana herufi hizo, lakini zinasema ukubwa tu, hazisemi mfumo wa valvu. Tazama kichwa cha silinda. CG ina kava moja kubwa juu inayofunika roka zote mbili, yaani mikono inayobonyeza valvu. Injini yenye cheni ya taimingi kwa kawaida ina vifuniko viwili vidogo, kimoja mbele na kimoja nyuma. Ukinunua gasketi ya kichwa bila kujua tofauti hiyo, utarudi dukani jioni ile ile.

Ukaguzi

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka kiganja kwenye mapezi ya silinda. Yakiwa ya moto, huenda inasumbua kuwaka ikiwa baridi na unafichwa. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga kiki polepole: lazima ikukatalie. Ikishuka laini bila upinzani, usihukumu ringi papo hapo, maana tapeti (skrubu za kurekebisha mwanya wa valvu) zilizobanwa huacha valvu wazi kidogo na kuleta dalili ile ile. Kama kiki inaruka bila kushika, meno ya shafti au ya mkono wake yamelika. Mkono ni rahisi kubadilisha. Shafti ni kufungua injini.

Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu unaotoka dakika ya kwanza kisha ukaisha ni sili za valvu. Wa bluu unaokufuata kila ukivuta mafuta ni ringi au silinda. Sauti ya tik-tik juu isikutishe. Injini ya pushrodi haikai kimya, na tapeti zinazosikika kidogo ni salama kuliko zisizosikika kabisa. Sauti ya kutisha ni ya kugonga kuzito kutoka chini kunakoongezeka injini ikibebeshwa. Hiyo ni beringi ya konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki (mhimili mkuu wa injini), na krenki lazima itoke. Fungua bolti ya oili ukiruhusiwa: oili nyeusi si hoja, chembe zinazong'aa kwenye jua ni hoja. Angalia na bolti yenyewe, kwani uzi wa tundu lile ni alumini na mafundi huukaza mpaka unafunguka. Gundi nyeupe au uzi wa bomba umezungushiwa? Punguza bei.

Wengi huishia hapo, ilhali pesa nyingi huliwa na mwili. Inua gurudumu la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi unanasa katikati, vikombe vya beringi za shingo vimechimbika. Shika gurudumu la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, tenganisha beringi za habu na bushi za mkono wa nyuma kwa kutazama mahali hasa panaposogea. Pitisha kucha kwenye bomba za shokapu za mbele. Kutu iliyochimba itakata kila sili mpya utakayoweka. Gonga spoku kwa bisibisi, iliyolegea hutoa sauti butu. Kisha funga uzi ulionyooka kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, uone kama fremu imepinda. Pikipiki iliyowahi kubeba magunia hupinda sehemu ya nyuma ya fremu, chini ya siti, na hupasuka pale ambapo kerea ilichomelewa.

Pesa ya kwanza iende wapi

Ukiwa na bajeti, nusu tu ndiyo ya kununulia. Nusu ya pili isiguse rangi mpaka pikipiki isimame vizuri ikishikwa breki.

Tairi za CG nyingi za zamani ni 2.50-18 mbele na 3.00-17 nyuma, lakini baadhi ya matoleo yana rimu tofauti, kwa hiyo soma rimu na si tairi uliyoikuta. Mbele weka 2.75, inakaa vizuri zaidi. Upepo ni psi 25 mbele na 28 nyuma ukiwa peke yako. Brekishu zikibaki na unene wa milimita 2, toa. Dramu iliyolowa oili au grisi haiponi kwa kufutwa na petroli. Sili ibadilishwe na brekishu zitupwe. Kebo ya mbele iwe mpya, na mkono mdogo wa kwenye dramu ukivutwa kabisa usivuke pembe ya digrii 90 na kebo, la sivyo unavuta kwa nguvu na breki haiumi.

Wapo wanaohamisha breki ya disko ya bodaboda 150 pamoja na shokapu zake na vishikio vyake vyote. Ndilo badiliko pekee la mbele tunaloliunga mkono. Pima urefu wa shafti ya shingo na vipenyo vya beringi kabla ya kulipa, maana zinafanana kwa macho na kukataana kwa milimita chache.

Injini yenyewe inataka kidogo. Oili ni kama lita 1, 10W-40 au 20W-50, yenye alama ya JASO MA, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki ambazo klachi yake inaloa oili. Oili ya gari iliyoandikwa kuwa inaokoa mafuta hutelezesha klachi, kwa sababu klachi inaogelea humo humo. CG haina filta ya karatasi: kuna wavu, na kuna kikombe kinachozunguka mwishoni mwa krenki, upande wa klachi, ambacho hukusanya uchafu kwa nguvu ya mzunguko. Mafundi wengi hawajawahi kukifungua. Pikipiki ya miaka 30 huwa na tope gumu humo, na likijaa, uchafu unarudi kwenye beringi.

Mwanya wa tapeti ni milimita 0.08 zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Zungusha magineti (gurudumu la sumaku mwishoni mwa krenki) mpaka alama ya T ilingane na ya kwenye kasha, kisha tikisa roka: zote mbili lazima zicheze. Moja ikibana, uko kwenye mzunguko usio sahihi. Zungusha duru moja zaidi. Plagi ni NGK D8EA, mwanya milimita 0.6 hadi 0.7.

Ukihitaji pistoni, nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha kipenyo, pini ya milimita 15, na urefu kutoka pini hadi juu. Silinda ikichongwa, kuna pistoni za ongezeko la 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Fundi atakushawishi ufunge silinda ya 150, yenye kipenyo cha 62, kwa hoja kwamba safari ya pistoni ni ile ile. Kweli ni ile ile, ila mdomo wa kasha lazima uchongwe, na ukishachongwa hakuna kurudi nyuma. Kwa pikipiki ya kwanza, kataa.

Umeme

CG za mwanzo ni volti 6 na pointi, yaani swichi ya kimakanika inayoleta cheche kwenye plagi. Mwanya wa pointi ni milimita 0.3 hadi 0.4, na zikiwa safi zinawasha bila lawama. Udhaifu ni taa: inafifia injini ikishuka mzunguko, yaani pale pale unapoingia kwenye kona usiku. Kuhamia volti 12 na CDI, kifaa cha kielektroniki kinachochukua nafasi ya pointi, ni kazi nzuri, ila ni seti: koili za ndani, magineti, CDI, koili ya plagi, rekitifaya, betri, balbu zote, honi na flasha. Kinachoharibu kazi hii ni magineti. Koni yake isipokaa sawasawa kwenye krenki, au kijifunguo (kipande cha chuma kinachoishikilia mahali pake) kikihama, taimingi inapotea na pikipiki inarudisha kiki mguuni. Itoe kwa puli yake, kamwe si kwa nyundo. Na usifunge taa ya LED kwenye mfumo wa zamani ambao taa kubwa inalishwa moja kwa moja na koili. Itacheza-cheza na kuungua. Indiketa za LED nazo zinataka flasha yake, vinginevyo zinapepesa kama zimechanganyikiwa.

Urembo

Hapa ndipo pikipiki nyingi nzuri zinapouawa kwa grainda. Kata chochote kinachofungwa kwa bolti, usikate fremu. Siti fupi inatengenezeka kwa bamba la faiba au mbao ya plaiwudi ya milimita 12, sponji ngumu na ngozi ya bandia, ikafungwa kwenye matundu ya awali. Usukani wa chini unaipa sura ya miaka ya sitini, lakini uzungushe hadi mwisho kushoto na kulia injini ikiwa inaunguruma: mzunguko ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta ni fupi. Tairi nene la 4.00 nyuma linasugua cheni; 3.25 ndiyo mwisho wa busara.

Kuondoa boksi la eaklina na kufunga kichujio cha koni ni mtindo tusioupenda. Injini inapata hewa nyingi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, plagi inatoka nyeupe na kichwa kinapata moto. Utalazimika kupandisha jeti kubwa ya kabureta (tundu linalopima petroli) namba moja au mbili mpaka plagi iwe kahawia hafifu, na vumbi la Dodoma bado litapita hadi kwenye ringi. Ekzosi fupi huleta balaa lile lile pamoja na trafiki.

Kutu ya ndani ya tangi itoe kwa siki: jaza, acha siku mbili, tikisa na kipande cha cheni, suuza kwa maji yenye magadi, kausha, kisha paka petroli na oili kidogo. Usilipeleke tangi la petroli kwa mchomeleaji wa njiani. Mvuke uliobaki hulipuka hata tangi likiwa tupu. Rangi imalizwe kwa klia isiyoyeyushwa na petroli, na kama umebadili rangi iliyoandikwa kwenye kadi, kadi nayo irekebishwe.

Injini iliyofungwa pistoni mpya, kilomita 500 za kwanza usiivute hadi mwisho wala usiipakie abiria. Badilisha kasi mara kwa mara badala ya kushikilia moja. Mwaga oili kwenye kilomita 300, kaza upya nati za kichwa ikiwa baridi, kisha pima tapeti tena, maana zitakuwa zimehama.