Swichi ya ofisi ndogo: ipi ununue, ipi uiache dukani

Ruta nyingi tunazofungiwa na kampuni za intaneti zina porti tatu au nne za waya. Ofisi ikiwa na kompyuta sita, printa na DVR (kinasa picha) ya kamera, porti zimeshaisha. Hapo ndipo unapotumwa Kariakoo kununua swichi, na muuzaji anakupangia mezani visanduku vitano vinavyofanana kama mapacha.

Kwanza tusichanganye majina. Ruta ndiyo mlango wa kwenda intaneti, na ndiyo inayogawa anwani za IP, yaani namba za kila kifaa kwenye mtandao. Swichi haigawi chochote, inaunganisha tu vifaa vilivyomo ndani. Kila kifaa kina anwani ya MAC iliyowekwa kiwandani. Swichi hukariri anwani ipi iko porti ipi, kisha hupeleka data kwa mwenyewe. Habu, vifaa vya zamani vilivyofanya kazi hiyo kabla ya swichi, zilitangaza kila kitu kwa kila mtu kama mpiga mbiu, kwa hiyo ukiiona habu inauzwa bei ya kutupa, pita.

Ya kwanza: porti nane za gigabiti, ya kuchomeka tu

Hapa wengi wenu mngeishia. Gigabiti ni kasi ya megabiti 1,000 kwa sekunde. TP-Link TL-SG108, D-Link DGS-108 au Netgear GS108 zitakufaa sawasawa. TL-SG1008D ina kazi ileile ila ganda lake ni la plastiki. Mimi napenda la bati, maana ofisi zetu zina joto na swichi hukaa imewaka miaka.

Ya porti tano inavutia kwa bei, lakini porti moja inaliwa na waya unaotoka kwenye ruta. Zinabaki nne, na mwezi ujao anaajiriwa karani mpya.

Halafu kuna ile hoja ninayoisikia kila siku: "Intaneti yangu ni megabiti 20, gigabiti ya nini?" Kwa intaneti peke yake, ni kweli huhitaji. Lakini ofisini watu huhamishiana mafaili. Faili la gigabaiti 10 kwenye swichi ya megabiti 100 kwa sekunde linakula dakika 13 na ushee. Kwenye gigabiti ni dakika moja na nusu hivi, diski zikiweza kwenda na kasi hiyo.

Ya pili, na kwa mwenye kamera ndiyo ya kwanza: yenye PoE

PoE inapitisha umeme ndani ya waya uleule wa mtandao, hivyo kamera ya IP ya getini haihitaji soketi yake. Kuna TL-SG1005P, yenye porti tano, nne kati yake zikiwa na PoE. Usihesabu porti peke yake, soma pia jumla ya wati kwenye boksi. Kiwango cha 802.3af hutoa hadi wati 15.4 kwa porti, na cha 802.3at hadi 30. Boksi linaweza kuwa na porti nane na umeme wa kutosha nne tu. Na kama una antena ya intaneti juu ya paa inayotumia volti 24 kutoka kiboksi chake cha umeme, usidhani swichi hii itaiwasha. Umeme wake ni wa aina nyingine, kwa hiyo kiboksi kiache palepale.

Ya tatu: ya kupangika, kama TL-SG108E

Inakuwezesha kugawa mtandao mmoja vipande kwa VLAN, mathalani wageni wa gesti wasizione kompyuta za mapokezi. Ila mara nyingi na ruta yako inabidi iwe inaielewa VLAN. Nimeona wengi wakinunua na wasifungue mipangilio yake hata siku moja.

Za mwisho

TL-SF1008D ya megabiti 100 si mbaya kwa duka lenye mashine ya mauzo na printa basi. Cisco Catalyst 2960 ya mtumba ndiyo mtego: watu huona jina na porti 24. Nyingi, kama WS-C2960-24TT-L, hizo 24 ni za megabiti 100, gigabiti ni mbili tu, na feni yake itakupigia kelele kutwa.

Fedha uliyookoa iweke kwenye kebo. Dai ya daraja la Cat5e au Cat6, ya shaba tupu, kwa sababu ile ya alumini iliyopakwa shaba hukatika upesi na huichosha PoE. Kipande kimoja kisizidi mita 100. Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya, hivyo fundi akibana vibaya moja tu, kasi inaweza kushuka hadi megabiti 100 bila kukuambia.

Kufunga ni rahisi: waya kutoka porti ya LAN ya ruta (ile ya vifaa vya ndani) uingie porti yoyote ya swichi. Adapta tumia ileile iliyokuja nayo. Mimi niliwahi kuchomeka ya ruta, volti 12, kwenye swichi ya volti 5, na harufu niliyoisikia sijaisahau. Pia usirudishe waya mmoja kwenye porti mbili za swichi hiyohiyo, kwani data itazunguka humo humo na ofisi nzima itasimama.

Ukimaliza, angalia IP ya kompyuta. Ikianza na 192.168, mara nyingi mambo ni shwari. Ikianza na 169.254, ruta haijafikiwa: anza kukagua waya wa kutoka kwenye ruta, si swichi.