Seti ya roboti ya kupigana ya gramu 150: uzoefu wangu

Ukitaka jibu la haraka: seti inunue, rimoti na betri jitafutie mwenyewe, na ile fremu iliyomo kwenye boksi ihesabu kuwa ya kujifunzia tu.

Tuelewane kwanza ni roboti zipi. Wengi wetu tulizijua hizi mashine kwenye televisheni: Robot Wars, iliyoanza kurushwa na BBC mwaka 1998, au BattleBots ya Marekani, ambako roboti moja inaruhusiwa kufika ratili 250, kama kilo 113. Hizo waachie wenye karakana na wafadhili. Mimi naishi Leicester, Uingereza, nafanya kazi ghalani, na mshahara wangu una wenyewe. Daraja ninalolimudu ni antweight: roboti isizidi gramu 150, na kabla ya pambano kuanza iweze kukaa ndani ya mchemraba wa inchi 4. Ukiagiza vitu Marekani soma gramu, usisome jina. Kule antweight ni ratili 1, yaani gramu 454, na hii yetu ya gramu 150 wanaiita fairyweight. Mota zao zitakumalizia uzito wote.

Seti niliinunua mtandaoni kwa bei iliyozidi pauni 60 kidogo. Ndani kuna mota mbili ndogo za N20 zenye gia, kidhibiti mwendo kimoja cha kuendesha mota zote mbili, risiva (kipokea mawimbi ya rimoti), servo ya gia za chuma (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiagiza) ya kumnyanyulia mpinzani, tairi za sponji, na fremu iliyochapwa kwa printa ya 3D. Betri hakuna, chaja hakuna, rimoti hakuna. Tangazo lilisema "kila kitu unachohitaji", lakini haya, biashara ndiyo hiyo.

Mota zenyewe hazina shida zikiwa zinazunguka. Shida iko nyuma yake. Kuna vibati viwili vya shaba, vyembamba mno, ndipo waya zinapolehemiwa. Waya ikivutwa kidogo tu kibati kinang'oka, na kikishang'oka mota hiyo haina tena pa kushika waya. Moja ya zangu ilitoka kwenye boksi ikiwa tayari imelegea. Nikamwandikia muuzaji, nikampigia picha, hadi leo kimya. Dawa yake ni kupaka gundi ya moto juu ya kiungo chote, waya na kibati pamoja, kisha waya uufunge kwenye fremu ili mvuto usifike kwenye mota. Fanya hivyo siku boksi linapofika, kabla ya kitu kingine chochote.

Fremu ni ya plastiki ya PLA. Kwa kuitazama ni nzuri, ngumu, pembe zimenyooka. Lakini PLA haipindi, inavunjika. Ilipokutana na roboti yenye silaha ya kuzunguka, ilipasuka kama kigae, na ilipasuka pale pale kwenye matundu ya skrubu. Nikaachana nayo, nikakata fremu mpya kwenye kibao cha plastiki cha kukatia mboga. Vingi ya vibao hivyo ni HDPE, plastiki laini inayokubali kupigwa: skrubu inajishika yenyewe, msumeno mdogo unatosha, na pigo lililovunja PLA linaacha mchubuko tu. Gundi ndiyo haishiki kabisa, kwa hiyo kila kitu ni skrubu. Mke wangu bado anakiulizia kibao chake.

Kwa kabari ya mbele, ile inayoingia chini ya mpinzani, usinunue titani mwanzoni. Nilitumia bapa la mwiko wa fundi rangi. Ni chuma cha springi, kinalala sakafuni vizuri na bei yake ni ya chai na andazi.

Uzito ndio utakaokunyima usingizi. Mota mbili ni gramu 20 hivi, servo 13, betri kama 20, kidhibiti na risiva kama 10, tairi 12. Nusu imeshaliwa kabla hujakata hata kipande cha fremu. Mzani wa jikoni haufai hapa, tafuta ule wa kupimia vito unaosoma sehemu ya kumi ya gramu.

Rimoti niliyochukua ni FlySky FS-i6, na sijutii hata senti. Inatumia betri nne za AA za kawaida. Ukiiwasha inaanza kukulalamikia upandishe swichi zote juu na ushushe kijiti cha mwendo, na haiendelei mpaka utii. Mwanzoni inakera, lakini roboti yenye silaha isiyokurupuka mezani ni baraka. Kama kidhibiti chako hakichanganyi mwendo chenyewe, ingia kwenye menyu uwashe Elevon, mpangilio uliokusudiwa ndege zisizo na mkia. Ukishawasha, kijiti kimoja kinaendesha magurudumu yote mawili. Kisha weka failsafe: mawimbi yakikatika, roboti isimame. Waamuzi wanalikagua hilo kabla hujaingia ulingoni, na wanataka pia namna ya kukata umeme haraka.

Betri ni ya lithiamu, seli mbili, volti 7.4. Ikijaa ni 8.4, na usiiruhusu kushuka chini ya 6.4. Ichaji ndani ya mfuko wa kuzuia moto kwa chaja inayosawazisha seli, na ikivimba usiibembeleze, istaafishe.

Silaha ya kuzunguka inapendeza machoni, lakini kwa bajeti hii sikushauri. Inakula uzito, na kila pambano unanunua kitu. Kwenye ulingo wenye shimo au ukingo usio na ukuta, msukumaji mwenye kabari nzuri na tairi zinazoshika anatosha kabisa kumtupa mwenye diski nje.

Kwa mliopo nyumbani: mota za N20 na servo ndogo si vitu adimu. Nairobi anzieni Luthuli Avenue. Kinachosumbua ni betri. Tangu 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kwenye mizigo ya kibiashara ya ndege za abiria. Ukipata ndugu anayesafiri, aibebe kwenye mkoba wa mkononi, ncha zimefunikwa kwa tepu, asiitie kwenye sanduku la kukabidhi. Pakiti ya seli mbili ya mAh 300 ni kama wati-saa 2 tu, na kikomo cha kawaida ni 100.

Seti naipa nyota tatu kati ya tano, FlySky tano. Muuzaji nitampa akijibu.