Plastiki Nyeusi za Gari Zilizopauka: Dawa Ipi Inunuliwe Kwanza

Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, yaani zile za bampa, matao ya magurudumu, kingo za milango na kipande kilicho chini ya kioo cha mbele zinapokaa waipa, huweza kulizeesha gari hata pale ambapo bodi bado inang'aa na injini haina kasoro. Chupa zinazoahidi kuzirudishia weusi wake ni nyingi mno, na karibu zote huonekana zimefaulu siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unazipanga kwa kigezo kimoja tu, nacho ni weusi utakaokuwapo baada ya jua na mvua za miezi kadhaa.

Plastiki hizo kwa kawaida ni polipropilini iliyochanganywa na mpira, na weusi wake hutokana na unga laini wa kaboni. Mionzi ya urujuanimno ya jua, ikisaidiwa na oksijeni ya hewani, hukata minyororo ya molekuli zilizo juu kabisa, hivyo uso hujaa nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho na kutoa ungaunga mweupe. Mwanga unaopiga hapo hutawanyika badala ya kumezwa, nasi tunaona kijivu. Lililoharibika ni tabaka jembamba la juu, na kwa kuwa uharibifu haulingani kutoka gari moja hadi jingine, dawa iliyomfaa jirani yako huenda isikufae wewe.

Ndiyo maana kabla ya kununua chochote ni vyema kufanya jaribio lisilogharimu kitu. Osha kipande kwa sabuni kali na brashi, kiache kikauke kabisa, kisha pitisha kitambaa chenye maji safi. Kikiwa cheusi kote kikiwa kibichi na kurudia kijivu kikikauka, nyufa zile zinahitaji tu kujazwa, na kipako kisicho na rangi kitatosha. Kikibaki na mabaka ya kijivu hata kikiwa na maji, rangi ya juu imekwisha, na utahitaji dawa iliyo na rangi nyeusi ndani yake. Tazama pia michirizi myeupe iliyo karibu na mpaka wa bodi, kwani mara nyingi hiyo ni nta ya kung'arishia iliyokauka, ambayo huondoka kwa brashi na sabuni ya kukata mafuta.

Kwa gari lenye umri mkubwa, nafasi ya kwanza naipa dawa ya kurejesha rangi yenye pigmenti nyeusi. Huuzwa katika chupa ndogo sana, jambo linalowavunja moyo wanunuzi wengi, lakini matone machache husambaa eneo kubwa, nayo huingia kwenye nyufa na kubaki humo badala ya kulala juu tu. Umbile la plastiki, yaani vile vipele vidogo ilivyotoka navyo kiwandani, hubaki kama lilivyokuwa, na kwa maoni yangu hilo ndilo linaloipa dawa hii ushindi dhidi ya rangi ya kupuliza. Hasara zake ni mbili. Huchafua vidole na bodi, hivyo glovu na utepe wa kufunikia ni vya lazima. Kubwa zaidi, inafaa plastiki zilizotoka kiwandani zikiwa nyeusi tu. Magari mengi yana plastiki za kijivu cha mkaa, na ukizipaka nyeusi hazitafanana tena na vipande vingine. Chungulia sehemu ambayo jua haliifikii, kama vile nyuma ya ukingo wa tao la gurudumu, ujue rangi ya asili kabla ya kulipa.

Nafasi ya pili ni kipako cha seramiki, chenye asili ya silika, ambacho hupatikana katika chupa au katika vitambaa vilivyokwisha kuloweshwa. Kama plastiki yako ilifaulu jaribio la maji, yaani iligeuka nyeusi kote ilipolowa, kipandishe hadi nafasi ya kwanza bila kusita, kwa sababu hukauka kikawa kigumu, hufukuza maji na uchafu, na huweza kudumu kwa miezi mingi. Hata hivyo, hakisamehe uzembe: mafuta yoyote yaliyobaki yatakizuia kushika, na ziada isiyofutwa mapema huganda ikawa mabaka. Safisha kwa alkoholi ya isopropili, paka kivulini, na uepushe gari na maji kwa muda ulioandikwa kwenye maelezo. Nunua chupa ndogo ambayo muhuri wake haujafunguliwa, kwa maana vipako vingi vya aina hii hugandishwa na unyevu wa hewa, na nusu iliyobaki huenda usiikute ikiwa ya kimiminika.

Rangi ya kupuliza ni ya tatu, na naiona kuwa njia ya kipande kilichokwaruzika vibaya. Polipropilini haipendi kushikwa na rangi, hivyo bila praima maalumu ya plastiki, yaani kipako cha chini cha kushikisha rangi, rangi itabambuka. Geuza kipande usome herufi zilizochapwa nyuma: PP+EPDM-TD20, kwa mfano, maana yake ni polipropilini yenye mpira na asilimia 20 ya unga wa madini uitwao talki, na hapo praima hiyo haina mbadala. Ukishapaka rangi, mawe ya barabarani yataibandua mahali fulani siku moja, na kurudi kwenye plastiki tupu ni kazi ngumu ya msasa.

Mafuta ya kung'arisha yenye silikoni ni ya nne, ingawa hununuliwa sana. Hung'arisha kama losheni kwenye ngozi iliyopauka, kisha mvua na uoshaji huyaondoa katika siku au wiki chache. Ukiyahitaji kwa haraka, chagua yaliyotengenezwa kwa maji, kwani yale mazito yenye asili ya petroli hunata vumbi na kuchirizika kwenye bodi. Anayepanga kupaka rangi baadaye ayaepuke kabisa, maana masalia ya silikoni husababisha vishimo kwenye rangi mpya.

Mafuta ya kupikia, mafuta ya taa na dawa ya viatu sivipi nafasi yoyote. Hewa moto ya mashine ya kupulizia joto hurudisha weusi mbele ya macho yako, lakini haiongezi kinga yoyote dhidi ya jua, na polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi, joto ambalo mashine hizo hulipita kwa urahisi, hivyo kuchelewa kidogo mahali pamoja hupinda kipande.

Kipande kilichopasuka au kuvunjika vishikizo kinunuliwe kipya. Kifute kwa alkoholi ili kuondoa masalia ya kiwandani, na ukipake seramiki siku ileile kinapofungwa, wakati uso wake bado mzima.