Uzoefu wangu: kubadilisha pawa saplai ya Juniper MX204 mtandao ukiwa hewani

Kazini kwetu Dar es Salaam, MX204 ndiyo ruta ya lango: intaneti yote ya wateja wetu inapita humo. Ni nyembamba, inachukua uniti 1 tu ya raki (kabati la mitambo), lakini inapitisha hadi gigabiti 400 kwa sekunde. Nyuma ina pawa saplai (moduli za kuilisha umeme) mbili zinazogawana mzigo, na moja ikifa inayobaki inabeba wote. Kwenye karatasi za mauzo hilo ni mstari mmoja tu. Mimi nimeliona likitokea.

Pawa saplai yetu moja iliuawa na UPS, yaani kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Umeme uliporudi baada ya kukatika, UPS ya upande mmoja (chapa siitaji) iliungua na kuondoka na pawa saplai iliyochomekwa humo. Ruta haikutetereka. Tulijua kwa alamu peke yake. Ukiandika show chassis alarms unaambiwa tatizo liko PEM 1, yaani mojawapo ya zile pawa saplai. Hakuna mteja aliyepiga simu, na kwa kazi yetu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo.

Ruta ya lango huizimi hivi hivi kama ya nyumbani. Vikao vya BGP (lugha ambayo ruta hupashana njia za intaneti) vinakatika, na ikiwaka lazima ipokee upya jedwali zima la njia za intaneti, karibu njia milioni 1 kwa IPv4 pekee. Kwa hiyo tulibadilisha ikiwa inafanya kazi.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Kinachotoa jasho ni waya. Nyuma ya raki nyaya zote ni nyeusi, zimefungwa mafungu, na lebo zilishabanduka kwa joto. Ukichomoa waya wa ile pawa saplai ambayo bado inafanya kazi, umezima mtandao kwa mkono wako. Tuliufuata ule waya kwa vidole kutoka kwenye soketi, mwenzangu akiwa amechuchumaa chini: "Kaka, tikisa tena. Tena. Haya, huo huo." Ulipothibitika tukaufunga utepe mwekundu.

Kabla ya kugusa kitu tulihakikisha inayobaki ni nzima, na UPS yake inaumudu mzigo wote. Mpya tuliitoa kwenye boksi mapema, maana nafasi ikibaki wazi hewa ya kupoza inavuja na mashine inapata joto. Mkanda wa kuzuia umeme tuli mkononi, waya ukatoka kwanza, kisha moduli ikavutwa kwa mshikio wake. Ile mpya ukiisukuma unasikia "ta!" inapojifunga, ndipo unarudisha waya. Laptopu iliyokuwa ikipiga ping (vijumbe vya kupima kama mtandao uko hewani) muda wote haikupoteza hata pakiti moja. Alamu ikajifuta.

Kwa hiyo ruta naipa nyota zote. Waliotufungia umeme wa raki siwapi hata moja. Tulipofuatilia waya hadi ukutani tulikuta UPS zote mbili zinalishwa na breka moja! Yaani tulinunua pawa saplai mbili, UPS mbili, halafu breka moja ikidondoka na betri zikiisha, vyote vinalala pamoja. Sasa kila upande una breka yake, na mmoja unatoka kwenye laini ya jenereta. Kama jengo lako lina chanzo kimoja tu cha umeme, pawa saplai ya pili bado itakukinga mwenzake ikiharibika, ila usitegemee ikuokoe umeme ukikatika.

Spea iagize pamoja na ruta yenyewe. Sisi ilibidi ya kwetu isubiriwe kutoka nje, na siku zote hizo lango zima lilisimama kwa mguu mmoja. Ukiagiza, linganisha namba ya kifaa herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye mashine. Zipo za AC (umeme wa kawaida wa soketi) na zipo za DC (umeme kama wa betri), za vituo vyenye volti 48, na hizo mbili hazichanganywi kwenye ruta moja.