Pikapu ya umeme: ya kazi au ya starehe?
Ukiweka Ford F-150 Lightning Pro kando ya Rivian R1T, tofauti unaiona kabla hujawasha gari. Lightning ina viti vya kawaida, vya kupangusa tope kwa kitambaa kibichi, na bodi ya nyuma yenye urefu wa mita 1.68 hivi. Ya R1T inaishia mita 1.37, kwa hiyo mbao ndefu zitachomoza nje. Kwa fundi, hizo sentimita 30 si jambo dogo hata kidogo.

Kinachonivutia zaidi kwenye Lightning ni soketi zake. Gari likifungwa mfumo mkubwa wa soketi hizo, hutoa umeme hadi kilowati 9.6: unachomeka msumeno na kuendelea na kazi, bila jenereta kunguruma pembeni.

R1T nayo ina saspensheni ya hewa inayopanda na kushuka kulingana na njia, na safari ndefu haimchoshi sana dereva. Tena si legelege: huvuta hadi takriban kilo 4,990, zaidi ya Lightning.

Trela nzito, hata hivyo, inaweza kula karibu nusu ya masafa (umbali wa kwenda kwa chaji moja) ya gari lolote kati ya haya. Kama unavuta kila siku, angalia betri kwanza, viti baadaye.