Kozi ya hali ya hewa kwa marubani wanafunzi: uzoefu wangu nikiwa Uyole

Niseme mapema kwamba mimi bado si rubani. Nauza vipuri vya pikipiki Mwanjelwa, hapa Mbeya, nakusanya ada ya chuo Dar, na wakati nasubiri nikaona nianze na yale masomo ambayo hayahitaji ndege. Januari nikalipia kozi ya intaneti ya hali ya hewa kwa wanaoanza urubani: shilingi 160,000, wiki nane, video na maswali, cheti mwishoni. Jina lake silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamika.

Kilichonipa thamani ya pesa yangu ni somo la METAR. Hii ni ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, imefupishwa mpaka inafanana na namba za vocha. Mfano huu niliunakili Machi:

HTGW 120400Z 00000KT 0300 FG 15/15 Q1022

HTGW ni Songwe, uwanja wetu wa Mbeya, 12 ni tarehe, na 0400Z ni saa, nitairudia. Sufuri tano maana yake upepo haupo kabisa. 0300, unaona mita 300 tu mbele. FG ni ukungu. Q1022 ni mgandamizo wa hewa wa kuweka kwenye altimita, saa inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani. Halafu hiyo 15/15: joto na kiwango cha umande (joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande unaanza) vimekutana, hewa imeshiba maji na haiwezi kubeba tena. Mwalimu wa kwenye video alikaa kwenye namba hizo mbili karibu nusu saa nzima, na zilistahili. Jioni ukiona zinakaribiana, anga halina wingu, upepo umelala, na ardhi ina unyevu wa mvua ya mchana, asubuhi usishangae ukungu. Na jua likichomoza usiseme umekwisha; dakika za mwanzo hewa inapoanza kuchanganyika, unaweza kuzidi kwanza ndipo unyanyuke. Nimezaliwa kwenye ukungu huo na sikuwahi kujua kwa nini unafanya hivyo.

Tatizo lilikuja kwenye saa. Ile Z ni saa ya dunia, wanayoitumia marubani kote, na kozi inasema Tanzania tunaongeza 3. Inaishia hapo. Imesahau kwamba sisi tuna saa nyingine, ya kinywani.

Siku hiyohiyo ya Machi shangazi alikuwa anakuja na ndege ya asubuhi kutoka Dar. Nikafungua TAF, yaani utabiri wa uwanja, nikaona BECMG 1204/1206 (hali itabadilika tarehe 12, kati ya 04 na 06), nikawatangazia nyumbani kwa sauti ya mtaalamu kwamba ukungu utaondoka kati ya saa nne na saa sita, hakuna haja ya kuwahi. Binamu mwenye gari akarudi kulala. Saa tatu na nusu simu ikaita. "Rubani wetu, begi nimeshachukua, chai nimeshakunywa. Gari liko wapi?"

Ile 04 ilikuwa saa moja asubuhi, na 06 ilikuwa saa tatu. Nilisoma tarakimu kama zilivyo, nikazitamka Kiswahili. Baada ya aibu hiyo nilikaa na kalamu nikagundua kwamba kwa anayetaja saa kwa Kiswahili kazi ni kupunguza tatu, wala si kuongeza: 0400Z ni saa moja, 0700Z ni saa nne. Ikiwa tatu au chini yake, ongeza kumi na mbili kwanza, kwa hiyo 0200Z ni saa kumi na moja alfajiri. Nimeiandika kwa wino mwekundu kwenye jalada la daftari. Shangazi mpaka leo ananiita "Saa Nne".

Somo la joto na mwinuko nalo ni zuri, ila lazima ulifanyie kazi mwenyewe. Mfano wao ni uwanja wa pwani, ambako hakuna kinachotisha. Mimi nikachukua Songwe, kama futi 4,400 juu ya usawa wa bahari. Kipimo cha kawaida huanza nyuzi 15 usawa wa bahari na kushuka karibu nyuzi 2 kila futi 1,000, kwa hiyo hapo palipaswa kuwa na nyuzi 6 hivi. Mchana wa Oktoba ukikuta 26, umezidi kwa 20. Kila nyuzi inayozidi inaongeza kama futi 120, jumla 2,400. Ndege yako inajiona iko futi 6,800 wakati bado matairi yako chini! Injini inapumua hewa nyepesi, bawa linapata hewa nyepesi, unahitaji njia ndefu zaidi ya kurukia na unapanda kwa uvivu. Kiwanja cha zamani cha Mbeya mjini kiko juu zaidi ya hapo. Fanya hesabu yake.

Kuna nyingine ya urefu wa mawingu: toa kiwango cha umande kwenye joto, zidisha kwa 400, unapata makadirio ya futi za kitako cha mawingu ya mchana. Songwe ikisema 23/18, ni futi 2,000. Mwanafunzi wa pwani atasema safi, twende. Lakini hizo ni futi 2,000 kutoka uwanjani, yaani 6,400 juu ya bahari. Mbeya mjini yenyewe ni mita 1,700, karibu futi 5,600, kwa hiyo wingu hilohilo liko futi 800 tu juu ya mapaa yetu. Kilele cha Mbeya, mita 2,818, kimezama ndani kabisa. Hili hakuna video iliyoligusa.

Na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanza. Wiki mbili nzima kati ya nane ni za hewa baridi na hewa ya joto kugongana kama Ulaya, theluji, na barafu kwenye mabawa. Mtihanini yanaulizwa, sikatai. Ila ukanda mvua, ambao ndio unaotuletea mvua za msimu kuanzia Novemba hadi Aprili, umepewa slaidi moja. Moja! Kipupwe na pepo za kusi, sikuona kitu.

Mvua ya milimani wameichora kwa mlima usio na jina. Sisi mchoro huo tunaupanda kwa daladala. Ondoka Kyela na joto lako, upepo kutoka Ziwa Nyasa ukiwa mgongoni. Fika Tukuyu utafute mwavuli, maana hewa imelazimishwa kupanda Rungwe na inamwaga ilichobeba. Vuka Uporoto uje Uyole uvae sweta, kisha endelea Chimala uone Usangu ilivyokauka, mpunga unategemea mifereji. Nilimweleza hivyo mdogo wangu wa kidato cha pili akaelewa bila kuona video.

Somo la mawingu ya radi nalipa alama zote. Wameeleza yanavyokua, yanavyokomaa na kufa, na kwa nini upepo unaoshuka kutoka ndani yake unaweza kukutupa chini wakati wa kutua. Wanasisitiza ukae mbali maili 20 za baharini, ambazo ni kilomita 37. Kutoka mjini hadi uwanja wa Songwe hazifiki. Ina maana radi ikipiga juu ya Mwanjelwa, aliyeko Songwe hajawa mbali nayo. Barafu ya kwenye kabureta pia wameifundisha vizuri. Sikujua inaweza kukuzimia injini hata nje kukiwa na nyuzi 20, mradi hewa ina unyevu.

Mambo mengine kwa ufupi. Video ni nzito, zilinimalizia bando la mwezi kwa siku tisa, na huwezi kuzipakua. Lugha ni Kiingereza tupu. Niliuliza swali kuhusu ukungu wa bondeni, jibu likaja baada ya siku kumi na moja, likiwa limenielekeza kwenye video niliyokuwa nimeshaitazama.

Kwa hiyo kama uko Mbeya, Iringa au Njombe na hujui kusoma METAR wala TAF, lipia; kwa hizo wiki tatu za mwanzo na ile ya radi hutajuta. Kama unazisoma tayari, baki na pesa yako, amka saa kumi na mbili utazame bonde kutoka juu, kisha ulinganishe na ripoti ya Songwe. Mimi jaribio la mwisho nimeliweka Jumamosi usiku, na safari hii saa yake nimemuuliza mtu mwingine aihakiki.